Mnara wa Fawkner: jinsi ghorofa mbili zilivyogeuka 212

Agosti 2020, siku chache tu baada ya Microsoft Flight Simulator mpya, simuleta yaani gemu la kuiga urubani, kutoka (kwa watumiaji wa kompyuta ilikuwa tarehe 18), marubani wa mezani waliokuwa wakirandaranda juu ya Melbourne, Australia, walianza kuonyeshana kitu cha ajabu kaskazini mwa jiji. Fawkner ni kitongoji cha nyumba za familia: paa za vigae, uzio mfupi, bustani kwa nyuma, upande mmoja makaburi makubwa na upande mwingine kijito cha Merri. Katikati ya hayo yote ulikuwa umesimama mnara mwembamba usio na mwenzake, madirisha kuanzia chini hadi juu. Picha zilisambaa. Watu wakaanza kuwasha gemu kwa lengo moja tu, kwenda kuuona, na haukupita muda kabla hawajapatikana waliotua juu ya paa lake.

Chanzo kilijulikana upesi. Kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, mchangiaji mmoja aliandika kwamba jengo fulani la Fawkner lina ghorofa 212. Lilikuwa na mbili. Mchangiaji mwingine aliliona kosa akalisahihisha, na huko kwenye ramani yenyewe shauri likaisha. Lakini nakala ya data ile ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na kuingia Bing Maps, huduma ya ramani ya Microsoft, na kutoka Bing Maps ikaingia kwenye simuleta.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha kidole kilichoteleza kwenye kibodi. Kuchekesha kinachekesha, ila kidole ndicho sehemu yake ndogo kuliko zote. Ukikifuatilia hatua kwa hatua, kinaonyesha jinsi picha ya kweli-kweli ya dunia inavyotengenezwa siku hizi, nani anaaminiwa njiani, na kwa nini gemu lenye picha bora kuliko zote za wakati wake ndilo lililoweza kusema uongo mkubwa kiasi hicho bila kusitasita.

Tuanze na ukubwa wa kazi. Simuleta hii ilitengenezwa na Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa, kwa ajili ya Microsoft. Lengo lilikuwa dunia nzima, siyo majiji machache yaliyopambwa. Kwa takwimu walizozitangaza wenyewe, nyuma yake kulikuwa na zaidi ya petabaiti mbili za data ya ramani na picha, viwanja vya ndege takriban 37,000 na majengo bilioni 1.5. Data kiasi hicho haiingii kwenye kompyuta ya mtu. Toleo la kisanduku lililouzwa Ulaya lilikuja na diski kumi za DVD, nazo zilibeba mwili wa gemu tu. Dunia yenyewe hutiririshwa kutoka seva za Azure, huduma ya mtandaoni ya Microsoft, kadiri ndege inavyosonga mbele. (Diski kumi, mwaka 2020! Waliokulia enzi za kubadilisha diski katikati ya usakinishaji walifurahi kimyakimya.)

Sasa, katika viwanja hivyo 37,000, vilivyojengwa kwa mkono kwa undani wa hali ya juu vilikuwa 30 katika toleo la kawaida na 40 katika toleo la bei ya juu kabisa. Nambari hizi mbili ukiziweka pamoja zinakwambia karibu kila kitu. Sehemu iliyopitiwa na jicho la mchoraji ni punje. Kilichobaki, yaani karibu dunia yote, kimejengwa na mashine kwa kanuni.

Kuna namna mbili za kukijenga. Ya kwanza ni fotogrametria: ndege hupita juu ya jiji ikipiga picha nyingi kwa pembe tofauti, na programu hukokotoa maumbo kutoka kwenye picha hizo. Majiji makubwa kadhaa yalipata bahati hiyo. Namna hii ina kasoro zake, na aliyewahi kushuka chini sana anazijua: miti inayoonekana imeyeyuka, magari yaliyoganda kama madonge barabarani, madaraja yaliyozibwa chini utadhani ni kuta. Hata hivyo ni kasoro za ukaribu. Ukiwa futi elfu mbili juu, unaona jiji halisi.

Namna ya pili ndiyo inayotuhusu. Kampuni ya Blackshark.ai ya Graz, Austria, ilipewa picha za setilaiti na za angani, bapa, zilizopigwa kutoka juu, na ikafundisha akili mnemba kuzisoma: hapa kuna paa, paa hili lina umbo hili na rangi hii, basi chini yake kuna jengo la aina fulani. Kisha jengo hilo huchorwa kwa kanuni, kuta zikavikwa madirisha, paa likapewa pembe, usiku taa zikawashwa. Hakuna aliyepiga picha ukuta wa nyumba hiyo. Ukuta ule ni dhana.

Na hapa ndipo ugumu ulipo, kwa sababu picha iliyopigwa kutoka juu inaonyesha karibu kila kitu isipokuwa kimo. Urefu na upana wa jengo unaupima moja kwa moja. Urefu wa kwenda juu unabaki kukisiwa kwa dalili: kivuli, ukubwa wa paa, aina ya mtaa, majirani. Kwa hiyo mahali popote penye maelezo yaliyoandikwa na binadamu kuhusu idadi ya ghorofa, maelezo hayo ni dhahabu. Kwenye OpenStreetMap yanaandikwa katika kisanduku kiitwacho building:levels, nambari tu, bila kipimo wala maelezo. Wachoraji wa ramani za pande tatu kwa kawaida huizidisha nambari hiyo kwa mita tatu hivi kwa kila ghorofa.

Fanya hesabu. 212 mara tatu ni mita 636, karibu futi 2,090. Burj Khalifa ya Dubai ina mita 828 ukihesabu na ncha yake, lakini ghorofa zake ni 163. Hapa Fawkner ilikuwa imewekewa jengo lenye ghorofa nyingi kuliko jengo lolote lililowahi kujengwa na mwanadamu, katika kiwanja cha nyumba ya mtaani.

Wengi walimlaumu aliyeandika 212. Mimi simwoni kuwa na kesi. Ramani huria imejengwa juu ya dhana kwamba watu watakosea na watu wengine watasahihisha, na ndivyo ilivyokuwa: kosa lilionekana, likafutwa, historia ya mabadiliko ikabaki wazi kwa kila mtu. Mfumo ule ulifanya kazi yake. Ulioshindwa ni ule uliochukua data hai ukaikata kipande, ukakigandisha, kisha ukakitumia kana kwamba kingali hai. Tangu hapo masahihisho ya wachora ramani hayakuwa na njia ya kufika Fawkner ya kwenye gemu. Kosa moja sasa lilikuwa na makazi mawili, na kulifuta kwenye moja hakukugusa jingine.

Swali la pili ndilo zito zaidi: kwa nini hakuna kilicholizuia njiani? Kanuni moja ya kijinga ingetosha. Jengo lolote linalodai ghorofa zaidi ya 163 lisipite mpaka mtu alitazame. Majengo ya namna hiyo duniani hayapo, kwa hiyo mtu huyo asingechoshwa na kazi. Lakini hata hiyo isingekuwa dawa kamili. Tuseme kidole kingeteleza kwa kiasi kidogo tu na kuandika 21 badala ya 212. Ghorofa 21 ni kitu cha kawaida, zipo kila jiji kubwa. Ili kulikamata kosa la 21, mashine inabidi itazame majirani na kuuliza: nyumba zote za mtaa huu ni moja au mbili, hii imepata wapi ishirini na moja? Inabidi pia ilinganishe kimo na ukubwa wa kiwanja, kwani jengo la ghorofa nyingi hivyo haliwezi kusimama juu ya msingi wa nyumba ya familia.

Na kulikuwa na shahidi wa tatu, ambaye kwangu ndiye kiini cha kisa hiki. Picha ya angani ya Fawkner, ileile iliyotandikwa chini ya mnara ndani ya gemu, ilikuwa na kivuli cha jengo lenyewe. Jua likiwa nyuzi 45, kivuli cha jengo hukaribia kulingana na kimo chake. Nyumba ya ghorofa mbili hutoa kivuli cha mita sita au saba, hakivuki uzio. Mnara wa mita 636 ungelaza kivuli juu ya mitaa kadhaa, ukivuka paa baada ya paa. Kivuli hicho hakikuwepo kwenye picha. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mashine ilihitaji kuambiwa, na hakuna aliyeiambia. Mbele yake kulikuwa na ushahidi wa aina mbili, picha na nambari, zikipingana waziwazi, na nambari ikashinda.

Kabla ya kuicheka, fikiria kwa nini nambari ilipewa nguvu hiyo. Mara nyingi ndiyo uamuzi sahihi. Aliyeandika idadi ya ghorofa kwenye ramani huria kwa kawaida ni mkazi, mwanafunzi au mpita njia aliyelitazama jengo kwa macho yake, ilhali mashine inakisia kutoka angani. Ukipanga imani, ya binadamu inakaa juu. Kosa la Fawkner lilipita kwenye mlango wenye ulinzi mdogo kwa sababu ndio mlango wa watu wanaoaminika.

Kisha uhalisia wa picha ukaingia na kulipamba. Hili halizungumzwi vya kutosha. Mashine ilipopokea 212 haikuchora kitu chenye dalili ya shaka, tuseme mche mstatili wa kijivu usio na sura. Ilirudia madirisha ghorofa kwa ghorofa kwa uaminifu kamili, ikaupa ukuta mng'ao, ikaupa mwanga wa machweo upande wa magharibi na kivuli kipya kilichokokotolewa kutoka kwenye jua la saa ile. Mawingu yaliupita kwa usahihi. Kila kilichotakiwa kuonekana halisi kilionekana halisi, isipokuwa kwamba jengo lenyewe halikuwepo.

Linganisha na simuleta za zamani. Ile ya kwanza ya Bruce Artwick, iliyotolewa na kampuni ya subLOGIC kwa kompyuta ya Apple II, ilikuwa na mistari michache tu ya kukuonyesha upeo na ardhi. Mnara wa uongo ndani ya mistari ile usingemdanganya mtu, kwani hakuna aliyetarajia mistari ile iwe Melbourne. Undani ukiongezeka, matarajio yanapanda nao. Ukishamwonyesha mtu paa la nyumba ya shangazi yake na rangi ya geti lake, atakuamini na kwa lile usilolijua.

X-Plane, mshindani wa miaka mingi, ilichagua njia nyingine. X-Plane 11, kwa mandhari yake ya msingi, haitandiki picha za setilaiti ardhini. Inachora ardhi kwa aina zake, msitu, shamba, makazi, kisha inapitisha barabara za OpenStreetMap juu yake na kupanda nyumba za kubuni kandokando. Shabaha yake ni dunia inayosadikika, si nakala. Nyumba ya shangazi huioni, utaona nyumba inayofanana na za mtaa wake. Kwa mtu anayetaka kutalii, hiyo ni kasoro. Kwa mtu anayejifunza kushika usukani wa ndege, nadhani ni unyofu: gemu linakwambia tangu mwanzo kwamba nyumba hizi ni za mfano. Siwezi kusema njia hiyo ni bora kwa kila jambo, na ukweli ni kwamba baada ya 2020 macho ya wengi yalihamia kwa Microsoft na hayakurudi.

Kuna kosa la London linalosaidia kulielewa la Fawkner. Gemu lilipotoka, kasri la Buckingham lilionekana kama jengo la ofisi, la kawaida kabisa, aina ambayo ungetarajia ndani yake kuna kampuni ya bima. Pale kiwanja kilikuwa mahali pake, ila aina ya jengo ilikosewa, na inaelekea mashine iliona paa kubwa katikati ya jiji ikafikia hitimisho la kawaida. Fawkner aina haikuwa tatizo, kimo ndicho kilichokosewa. Kasri lilirekebishwa kwa namna ya kizamani, yaani watu waliketi wakalichonga, na likaja na sasisho la Uingereza na Ireland la Februari 2021. Sasisho la Australia lilifuata Januari 2022. Hayo masasisho ya nchi baada ya nchi ni ungamo la kimyakimya kwamba akili mnemba ilitosha kuijaza dunia, na ilihitaji mikono kuifanya itambulike.

Lakini London ilikuwa na malkia wakati ule, na watalii mamilioni wanaojua kasri linavyofanana. Fawkner ilikuwa na mita 636. Vyote viwili vilionekana kwa sababu vilipiga kelele.

Kwa rubani, mnara ule ulikuwa na maana nyingine kabisa. Anayeruka kwa kutazama nje, bila kutegemea vifaa, husoma ardhi kwa vitu virefu: minara, mabomba ya viwanda, ukingo wa jiji. Uwanja wa ndege wa Essendon hauko mbali na Fawkner. Mzunguko wa kawaida wa kutua kwa ndege ndogo hufanywa kwenye futi 1,000 juu ya ardhi, nusu ya kimo cha mnara. Sheria za Australia zinataka ndege inayopita juu ya makazi iwe angalau futi 1,000 juu ya kitu kirefu zaidi ndani ya mita 600. Juu ya Fawkner halisi unaweza kupita chini kiasi. Juu ya Fawkner ya gemu ungelazimika kupanda zaidi ya futi 3,000. Mwanafunzi wa urubani anayefanya mazoezi ya njia yake nyumbani angejifunza alama ya ardhini ambayo hataikuta, na angejifunza kuikwepa. Kwa matumizi hayo kimo sahihi cha mche wa kijivu kina thamani kuliko madirisha elfu yanayong'aa, na ningependa watengenezaji wangeruhusu mtu achague hivyo kwenye mipangilio, badala ya kusogeza tu kitelezi cha undani kutoka chini hadi juu mpaka kadi ya picha ianze kulia.

Kwetu Afrika Mashariki kosa la aina hii lipo, ila limegeuka kichwa chini. Mwaka 2019 Bing ilitoa kwa umma alama za misingi ya majengo ya Tanzania na Uganda, karibu milioni 18, zilizotambuliwa na mashine kutoka kwenye picha za angani. Ni misingi tu, mistari inayozunguka paa. Idadi ya ghorofa haimo. Dar es Salaam ilikuwa na kazi nyingine iliyotangulia, Ramani Huria, iliyoanza 2015, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi walichora kata zinazokumbwa na mafuriko na kuziingiza kwenye OpenStreetMap. Kazi ile ilikuwa ya maji: mitaro iko wapi, nyumba gani zitafikiwa. Hakuna aliyekuwa akiwaza rubani wa mezani.

Matokeo ni kwamba sehemu kubwa ya majengo yetu yana msingi bila nambari ya ghorofa, na mashine inabaki na kivuli. Kariakoo inaonyesha ugumu wake. Maghorofa yamebanana kiasi kwamba kivuli cha moja hakilali chini, kinapanda ukuta wa jirani, na picha ya kutoka juu haiwezi kukipima vizuri. Mashine ikikosa dalili, huelekea kwenye wastani. Jengo la ghorofa kumi na tano likichorwa lenye tatu, hakuna atakayepiga picha ya skrini, hakuna atakayeruka kwenda kulitafuta, wala hakuna kichekesho cha kusambaza. Ndege inayokuja kutua kwenye njia ya kurukia namba 23 ya uwanja wa Julius Nyerere hushuka ikitokea upande wa katikati ya jiji, na kilomita kumi kabla ya kugusa ardhi, kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi tatu, inakuwa kwenye mita 500 na kitu. Kutoka hapo tofauti ya ghorofa tatu na kumi na tano huiona mtu aliyewahi kuitazama Kariakoo kwa dirisha la ndege halisi. Wengine wote wataona mandhari nzuri ya Dar, mwanga wa jioni ukiwa sawasawa, na hawatakuwa na sababu ya kuuliza.